Dhahabu ya Kweli, Sarafu ya Uongo

Sonara aliishika ile sarafu kwa koleo dogo, akaisugua ukingoni kwenye jiwe jeusi, akadondosha asidi juu ya alama iliyobaki. Tukasubiri. Alama haikufifia. Akaiweka sarafu juu ya kioo cha meza, akasema, "Mzee wangu, hii dhahabu." Mjomba akanigeukia. "Umesikia mwenyewe?" Nilisikia. Mimi ndiye niliyempeleka pale, kwa fundi ninayemwamini, na fundi yule hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma hadi leo.

Mjomba alikuwa amestaafu miezi mitano kabla, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi za bandarini. Kiinua mgongo chake kilikuwa benki, amekigusa kidogo tu kununua bati za nyumba yake ya Lindi. Mstaafu mwenye pesa hajifichi, mtaa mzima unamjua. Kijana mmoja akaanza kuja kwenye kijiwe chake cha kahawa, mpole, mwenye shikamoo za heshima, na kwa wiki nzima hakuomba chochote. Wiki ya pili ndipo akamvuta mjomba pembeni. Nduguye, alisema, alikuwa akichimba shimo la choo Kilwa Kisiwani, jembe likagonga chungu, na ndani ya chungu mlikuwa na sarafu saba za dhahabu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ulaya moja ingeuzwa mamia ya milioni. Yeye alitaka milioni mbili mbili tu. "Serikali ikijua itazichukua bure, mzee. Bei ni hiyo kwa sababu ya siri."

Karibu kila alichosimulia kuhusu sultani huyo kilikuwa kweli. Tapeli anayetunga kila kitu hukamatwa mapema, lakini huyu alikuwa amesoma. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta al-Hasan bin Sulaiman, akamwandika kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake bado yanatazama bahari, linahusishwa na enzi yake. Kilwa ilishika biashara ya dhahabu ya Sofala, na ilipiga sarafu zake yenyewe. Sarafu ya shaba ya sultani huyu imepatikana hadi Great Zimbabwe. Na mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Yote hayo kijana aliyasema, na yote unaweza kuyakuta vitabuni. Yeye aliongeza chungu kimoja tu.

Kisha akatoa sarafu moja. "Nenda nayo mzee, kapime unapopataka. Mimi nakusubiri hapa hapa." Nani angemtilia shaka mtu wa namna hiyo? Tukaenda kwa sonara, na nimeshaeleza alichosema. Kesho yake mjomba akatoa milioni kumi na nne. Sarafu saba zikaja zimefungwa kwenye kitambaa cha kaniki, na juu yake kijana akampa nyongeza: visarafu vinne vya shaba, vidogo, vyenye kutu ya kijani, vimeliwa ukingoni. "Hivi chukua tu, mzee. Watoto wa Kisiwani wanaviokota ufukweni." Mjomba alivitupa kwenye mfuko wa shati.

Miezi miwili ikapita bila mnunuzi. Simu ya kijana ikawa haipatikani. Tukarudi kwa sonara, safari hii na zote saba.

Nataka msomaji aone alichofanya, kwa sababu mtu yeyote mwenye mizani nzuri anaweza kukifanya. Aliweka glasi ya maji juu ya mizani yake ya kidijitali, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, akairudisha kwenye sifuri. Kila sarafu alikuwa ameshaipima kavu; hii ya kwanza ilikuwa na gramu 4.20. Akaifunga uzi mwembamba, akaizamisha majini bila kugusa chini wala ubavu wa glasi, akaishikilia hapo inaning'inia. Mizani inachosoma wakati huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Dhahabu safi ni nzito kama mara 19.3 ya maji, kwa hiyo gramu 4.20 za dhahabu zinasukuma takriban gramu 0.22 za maji. Shaba ya njano ni nzito kama mara nane na nusu tu. Mizani ikasoma 0.49. Akatoa sarafu, akazamisha ya pili. 0.49. Ya tatu hivyo hivyo. Mjomba alikuwa amesimama akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Sita zilikuwa shaba ya njano iliyopakwa dhahabu. Moja tu, ile tuliyopimishwa mwanzo, ilisoma 0.24. "Hii ni karati 22," sonara akasema taratibu, "ndiyo hii hii ninayofulia bangili."

Mjomba akadhani basi amebakiwa na moja. Dhahabu ni dhahabu, moja ni ya sultani, angalau hiyo ataiuza. Nikamshauri tuipeleke kwa watu wa mambo ya kale. Alikuwa na hofu, kwa kuwa aliambiwa ataipoteza, lakini alikuja.

Afisa aliyetupokea, mama mmoja wa makamo mwenye lenzi aliyoining'iniza shingoni, hakuuliza kama ni dhahabu. Aliuliza, "Imetoka wapi? Nani aliiona ikitoka ardhini?" Mjomba akasimulia chungu. Mama akazipanga zote saba mstari mmoja, akampa lenzi, akamwelekeza atazame kushoto mwa mstari wa kwanza wa maandishi. Palikuwa na mkwaruzo mdogo, kama alama ya ukucha. Kwenye ya kwanza, kwenye ya pili, hadi ya saba, ile ya dhahabu ikiwamo: mkwaruzo ule ule, mahali pale pale, kwa urefu ule ule.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo tangu siku hiyo nimelieleza mara nyingi. Dinari za kale zilipigwa kwa mkono, kipande kimoja kimoja, kwa nyundo na chapa ya chuma. Chapa moja hupiga sarafu nyingi, kwa hiyo herufi zinaweza kufanana, hata ufa wa chapa unaweza kujirudia. Lakini pigo hubadilika. Moja huenda kando, nyingine hupasuka ukingo, na umbo la duara halilingani. Mikwaruzo ndiyo kabisa, kwa kuwa kila sarafu hupata yake mifukoni na sokoni na ardhini. Ukikuta sarafu mbili zilizokwaruzika mahali pamoja, ujue hazikupigwa. Zimesubiwa katika kalibu zilizotokana na mama mmoja, na mikwaruzo ya mama ikarithiwa na watoto wote. Zilizosubiwa zina dalili nyingine pia. Uso wake una vitundu vidogo vya mapovu ya hewa, herufi zake zimelainika kama sabuni iliyokwisha kutumika, na ukingoni huwa na mshono wa kalibu au michirizi ya tupa iliyoufuta. Zaidi ya hayo, madini yakipoa husinyaa, ndiyo maana nakala ya kalibu huwa ndogo kidogo kuliko mama yake.

Mama yule hakuishia hapo, alimwomba mjomba asome. Mjomba wangu alihitimu chuo cha Kurani akiwa mtoto, na hadi leo hausomi msahafu kwa kubabaisha. Akasogeza ile ya dhahabu karibu na dirisha. Upande mmoja akasoma jina la sultani kwa shida, kwa sababu hati ya kale haina nukta. Upande wa pili akageuza, akageuza tena, akasema, "Hii si herufi." Ilikuwa mikunjo tu inayofanana na maandishi. Sarafu za Kilwa zina uzuri wake: upande mmoja jina la mtawala na babaye, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zinafungwa kwa kina kimoja, kama mishororo miwili ya ubeti. Mtu aliyekua akisikiliza tenzi angeitambua sarafu ya Kilwa kwa sikio. Mjomba alikuwa na sikio hilo na macho ya kusoma. Miezi miwili alilala na sarafu saba chini ya godoro, na hakuwahi kuisoma hata moja.

"Na mzee," mama akamalizia, "sarafu za dhahabu za sultani huyu zinahesabika kwa vidole. Mwaka 1991 mtaalamu Helen Brown alipoandika habari zake, aliandika juu ya tatu." Tatu. Na mjomba aliuziwa saba kijiweni, kwa siku moja.

Nimewasimulia kisa hiki watu wengi, na kila mara kuna anayesema, "Basi ningepima maji na kutazama ukingo, nisingeibiwa." Si kweli, na ningependa hilo liingie vizuri. Mjerumani mmoja, Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, alichonga chapa za chuma kwa mkono wake, akapiga sarafu za Wagiriki na Warumi kama walivyopiga wao. Mara nyingine alitumia sarafu halisi za kale za bei ndogo, akazipiga upya juu yake, ili hata madini yawe ya kale. Alipotaka zionekane zimezeeka, alizitia kwenye sanduku la chenga za chuma na grisi, akalifunga chini ya gari lake la farasi, akaenda safari. Barabara ikamfanyia kazi ya miaka mingi. Sarafu ya namna hiyo ukiipima majini itafaulu, na ukitafuta mshono wa kalibu hutauona. Kilichomfichua ni ulinganishaji: kazi zake zimeorodheshwa, chapa zake zenyewe ziko kwenye makumbusho ya Berlin, na mwenye kujua huitazama sarafu akiwa na orodha hiyo mkononi. Kwa hiyo vipimo vya mezani vina kazi moja, kuikataa ya uongo. Hakuna kipimo cha mezani kinachoweza peke yake kuithibitisha ya kweli.

Upande wa pili, wapo wanaoogopa hadi wanakiita bandia kitu kisicho bandia. Bibi yetu aliacha kidani chenye reale ya Sham, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Watu wa pwani waliipa jina hilo kuitofautisha na reale ya mzinga, ile ya Kihispania yenye nguzo mbili ambazo macho ya wazee yaliziona mizinga. Kila mwenye reale ya Sham anadhani ana kitu cha 1780. Huo ndio mwaka malkia huyo aliofariki, na tangu hapo sarafu imeendelea kupigwa Vienna na miji mingine, pamoja na Roma, London na Bombay, ikiwa na mwaka ule ule, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Ethiopia na pwani yetu hawakutaka nyingine. Ni sarafu ya fedha halisi, zaidi kidogo ya gramu 28, yenye sehemu 833 za fedha kwa kila elfu. Si bandia, wala si lazima iwe kongwe. Wa kumwogopa ni anayekuuzia ya juzi kwa bei ya karne ya kumi na nane. Ukitaka kujua kama ni reale kweli au ni risasi iliyopakwa rangi, tazama ukingo: una maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, yenye maana ya haki na huruma, na waghushi wengi hushindwa hapo.

Narudi kwa siri, maana naamini siri ndiyo iliyomwangusha mjomba. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Huwezi kuviuza wala kuvitoa nchini bila kibali. Kijana aliitumia sheria hiyo kama ukuta. Mjomba asingeweza kuuliza makumbusho, wala kuweka mwanasheria, wala kwenda polisi baadaye, kwa kuwa kila mlango wa kuulizia ungemfichua yeye mwenyewe. Mnunuzi wa magendo humpa tapeli zawadi ya kunyamaza.

Wala si wastaafu wa Lindi tu. Januari 2012, kwenye maonyesho ya sarafu katika hoteli ya Waldorf Astoria jijini New York, polisi walimkamata daktari bingwa wa upasuaji wa mikono, mkusanyaji mwenye jina kubwa, akiwa na sarafu za fedha za Wagiriki wa Sicily zilizotazamiwa kuleta mamilioni ya dola. Alikuwa amemwambia mtu, bila kujua anaongea na mtu wa wapelelezi, kwamba anajua zimefukuliwa karibuni. Kwake yeye hilo la kuibwa ardhini lilikuwa ushahidi wa uhalisi. Zilipowekwa kwenye hadubini ya elektroni, zilikuwa za kughushi. Julai mwaka huo alikiri kosa la kujaribu kumiliki mali ya wizi, akapewa saa 70 za kazi za kijamii na kutakiwa aandike makala ya kuwaonya wenzake kuhusu sarafu zisizojulikana zilikotoka. Mtu aliyeshika maelfu ya sarafu maishani mwake aliangushwa na hadithi ile ile ya chungu.

Chungu cha kweli kina sura nyingine. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo mno, za watawala wa pwani yetu, pamoja na dinari chache za dhahabu, baadhi zikiwa za makhalifa wa Kifatimi. Wataalamu walizisoma zikiwa pamoja, na dinari zile za kigeni, zenye miaka inayosomeka, zikasaidia kuwaweka watawala wetu kwenye karne ya kumi na moja. Songo Mnara, jirani na Kilwa, wanaakiolojia wamekuta sarafu za shaba majumbani na karibu na makaburi, wakajifunza kwamba wazee wetu hawakuzitumia sokoni tu. Sarafu ikiwa bado mahali ilipolala inaeleza habari za mji mzima. Ikishanyofolewa na kupitishwa mikono mitatu gizani, inabaki kipande cha shaba chenye jina.

Kwa hiyo wewe uliyeko Kilwa, Mafia, Pemba au Lamu, ukikuta sarafu shambani au ufukweni, usiioshe. Usiisugue kwa mchanga, majivu, dawa ya meno wala ndimu. Kutu ile ya kijani imeota kwa mamia ya miaka na ndiyo ngozi yake. Ifunge kwenye karatasi kavu, andika umeikuta wapi na lini, ulichimba kina gani na ilikuwa na nini jirani, kisha uipeleke kwa watu wa mambo ya kale. Na ukiletewa sarafu kijiweni, anza na swali la yule mama: imetoka wapi, na nani aliiona ikitoka.

Siku ile ofisini, tulipokuwa tunaaga, mjomba alikumbuka visarafu vyake vinne vya nyongeza. Vilikuwa mfukoni, lakini havikuwa kijani tena. Alikuwa amevilaza kwenye maji ya ndimu usiku kucha na kuvisugua kwa majivu, ving'ae, awape wajukuu wachezee. Mama akavitazama kwa lenzi kimya kwa muda mrefu. Viwili vilikuwa vimechubuka visisomeke. Vingine viwili vilibakiza herufi za kutosha, na upande wa pili, kwenye kimoja, kina kikasikika alipokisoma kwa sauti. Vilikuwa vya Kilwa, vya kweli, vyote vinne. Mjomba akavikabidhi. Mama akachukua bahasha nne, akajaza fomu kwa kila kimoja, na kwenye nafasi ya mahali kilipopatikana akaandika, mara nne, neno moja: haijulikani.